Mafua Tuliyoyatupa Njia Panda

Enzi zetu, kama mnavyopenda kuziita kwenye kundi letu la simu la tuliomaliza darasa la saba pamoja pale Iguguno, mafua hayakuwa ugonjwa. Hivyo ndivyo mlivyoandika wiki iliyopita, watu wazima wenye wajukuu na miwani ya kusomea. Mmoja wenu akaweka picha ya kitunguu na chupa ya asali, akasema sisi tulikuwa watu wa chuma na vijana wa leo ni maandazi. Wengine mkampigia makofi. Mimi nilisoma nikiwa nimesimama jikoni kwangu Mwankoko, nikaguna peke yangu, nikaiweka simu chini kwenye gunia la mkaa. Sikuwajibu siku ile kwa sababu ningewatukana. Leo nimepoa kidogo, kwa hiyo nawaandikia.

Kwanza niwakumbushe jinsi mambo yalivyokuwa, maana naona kila mtu amebeba vipande vitamu tu. Mnaukumbuka upepo wa mwezi wa sita na wa saba? Ulianza kuvuma kabla hatujanywa uji na uliacha vumbi kwenye meno, kwenye mboga na ndani ya masikio. Asubuhi baridi ilitupasua midomo. Nyumbani kwetu tulikuwa na sweta moja la watoto watatu. Aliyesoma asubuhi alilivaa kwenda shule, akirudi saa sita analivua mlangoni, anayesoma mchana analipokea likiwa bado na joto. Mkono wa kulia wa lile sweta ulikuwa mgumu na unang'aa kwa kamasi za ukoo mzima. Leo mnaniambia hatukuwa na mafua. Mafua tulikuwa tunayavaa.

Na darasani je? Dawati la watu wawili tulikaa watano, bega kwa bega, na kwenye kona kulikuwa na mtungi wa maji wenye kikombe kimoja cha bati, kimefungwa kamba kisiibwe. Darasa zima tulikunywa humo. Aliyekuwa anakohoa alikunywa, aliyefuata akafuta ukingo kwa kidole chake, kidole chenyewe mnakijua kilitoka wapi, naye akanywa. Mwalimu alipita na fimbo kukagua kucha na nywele. Kikombe hakukikagua hata siku moja, naye pia alikinywea.

Wazazi wetu walikuwa na maelezo yao, na hayakubadilika mwaka hata mwaka. Mafua yanaletwa na upepo na vumbi la alizeti, basi. Mwezi huo ndio tulikuwa tunapura alizeti uani, baba na kaka zangu wanapiga vichwa kwa fimbo, makapi yanaruka, kila mtu anapiga chafya, kwa hiyo ushahidi ulionekana umekamilika. Ukilalamika kichwa kinauma na mwili umevunjika, baba alisema bila hata kugeuka, "Hilo vumbi tu. Likikuisha utanyamaza." Kwamba ugonjwa unaweza kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, hilo hakuna mkubwa aliyelitaja. Ungelitaja ungeonekana unamsingizia mwenzako.

Sisi watoto, tukiwa na akili zetu za kamasi, tulikuwa tumewapita wakubwa nusu hatua. Tulijua mafua yanahama. Kosa letu ni kwamba tulidhani yakihama yanakuacha. Mtanikatalia kwamba hamkufanya? Unachuma jani la mnyonyo, unapenga ndani yake vizuri, unalikunja, unalifunga kwa jani la ukindu, na juu yake unachomeka kitu cha kuvutia macho: kifungo, ganda la peremende, kipande cha kioo. Unakwenda kuliweka pale njia ya kisimani inapokutana na njia ya shule. Unaondoka bila kugeuka nyuma. Atakayeokota ndiye amechukua mafua yako, wewe umepona. Siku moja mtoto wa darasa la kwanza aliokota kifungo changu cha bluu, akaenda kukishonea shati lake, na wiki ile ile akawa anatiririka pua zote mbili. Tulimwangalia kwa heshima, jinsi dawa yetu ilivyofanya kazi. Kwamba alikuwa anakunywa kikombe kile kile na sisi, hatukulifikiria.

Sasa vijana wa leo mnaowacheka, na mimi nawacheka, ila siwacheki kwa sababu mnayoitoa ninyi. Binti yangu Neema anauza nguo mtandaoni kule Dodoma. Akipiga chafya mbili anajipiga picha amejifunika shuka, anaandika kwamba mwili umegoma na anaomba maombi. Kabla maombi hayajafika, amekwishakwenda duka la dawa kununua vile vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria. Anameza siku mbili, akijisikia nafuu vinavyobaki anavitunza kwenye pochi kwa ajili ya rafiki. Nimemwambia mpaka sauti imekauka kwamba homa ya mafua inaletwa na virusi, na vidonge vile haviwafanyi virusi chochote, vinawafundisha tu bakteria ujanja. Ananijibu, "Mama, lakini huwa napona." Bila shaka anapona. Watu wengi wenye afya wanapona ndani ya wiki moja hata wakimeza chokaa. Kinachotakiwa ni kulala, kunywa maji na uji, kidonge cha kushusha homa, na kukaa mbali na watu. Hicho cha mwisho ndicho hawakiwezi. Anaumwa, anaomba maombi, na jioni yuko harusini anakumbatia watu.

Lakini sisi tuliokuwa wa chuma tulifanya nini? Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa anachemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria kubwa, anakuita ukae kwenye kigoda, anakufunika blanketi na sufuria ndani yake ujifukize. Ni raha, sikatai, pua zinazibuka. Ila bibi hakupenda kupoteza kuni kwa mtu mmoja. Alituingiza watatu humo humo, vichwa vinagusana, na wa nne ambaye hajaugua akaingizwa "ili ajikinge." Tulikoholeana usoni ndani ya blanketi kwa nusu saa, tukatoka tunatoka jasho, na yule mzima alikuwa hoi baada ya siku mbili. Bibi akasema, umeona, ingekuwa hajajifukiza yangemkamata vibaya zaidi.

Nacheka ninapoandika haya, na nitaacha kucheka sasa hivi.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, mwezi wa saba, mama alijifungua mdogo wangu wa mwisho. Akaitwa Samweli. Mnajua desturi ya kwetu mtoto akizaliwa. Watu walikuja, na kila mwanamke aliyekuja alipewa mtoto ampakate. Hakuna aliyeulizwa anajisikiaje. Kumnyima mgeni mtoto ilikuwa ni kumwambia mbele za watu kwamba unamwogopa jicho lake, kwamba ni mchawi. Hakuna mama aliyethubutu. Nilimsikia mama mwenyewe akimwambia bibi, "Mtu amepanda lori toka Nduguti kuja kuniona, nimnyime mtoto? Akirudi huko atasema nini?" Basi Samweli alipita mikono kwa mikono, wengine wanakohoa juu ya kichwa chake, wanajifuta pua kwa kanga na kumbusu.

Mimi nilikuwa na mafua makali wiki ile. Homa ilinipanda ghafla mchana, nikatetemeka, magoti yaliuma kama nimepigwa. Siku ya tatu nilijisikia afadhali kidogo, nikaona nimalizie kazi. Nilichuma jani la mnyonyo, nikapenga, nikachomeka kifungo chekundu nilichokuwa nakipenda sana, nikalipeleka njia panda. Niliporudi mama alikuwa anataka kwenda kuteka maji. Akaniuliza, "Mafua yako vipi?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Nimeshayatupa." Hakuuliza nimeyatupa vipi. Alimwamini mtoto wake wa kike mkubwa, akanifungia Samweli mgongoni. Alipokuwa analia nilimgeuza mbele nikamchezea, pua yangu kwenye pua yake, maana hilo lilimchekesha, au nilidhani linamchekesha. Alikuwa na wiki tatu.

Baada ya siku chache akawa wa moto. Kesho yake hakutaka kunyonya. Alishika ziwa, akaliacha, akalia bila sauti. Pumzi zake zilikuwa za haraka na ngozi ya chini ya mbavu ilibonyea kila akivuta hewa. Leo kila mama anayehudhuria kliniki anaambiwa kwamba ukiona hivyo usisubiri hata saa moja, mbebe mtoto uende. Kwetu siku ile walikaa kikao. Bibi akasema ni vumbi la alizeti limemwingia kifuani. Basi baba na kaka zangu wakaanza kuhamisha alizeti yote kutoka uani kwenda nyuma ya zizi ili vumbi lisimfikie mtoto. Walifanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jua likawa la utosi, baba hakupumzika hata kunywa maji, nami nilibeba vichwa vya alizeti kwenye ungo, nikilia. Kwa upendo wote ule tulihamisha alizeti. Bibi alimpaka asali kwenye ulimi, jambo ambalo mtoto wa chini ya mwaka hatakiwi kufanyiwa, lakini ni nani alijua.

Jioni baba akaazima baiskeli. Mama alikaa nyuma na mtoto kifuani. Kwenye zahanati mganga alisema nimonia, alifanya alichoweza, akasema kama wangekuja jana yake ingekuwa afadhali. Samweli alifariki asubuhi iliyofuata. Tulimzika nyuma ya nyumba. Watu walijaa msibani, wanapiga chafya, wanakunywa maji kwa kata moja, na nilisikia wakinong'ona kwamba ni vumbi, wengine kwamba ni jicho la mtu. Neno mafua sikulisikia hata mara moja.

Siku ya pili ya msiba nilitoroka nikaenda njia panda. Jani langu lilikuwa pale pale, limekauka, na kifungo chekundu juu yake. Hakuna aliyekiokota. Nilisimama pale nikaelewa kwamba mafua yangu sikumpa mpita njia yeyote, nilirudi nayo nyumbani. Sikumwambia mama. Amekufa bila kujua, miaka mingi sasa, na sijui kama nilimwonea huruma au nilijionea huruma mwenyewe.

Ndiyo maana, wenzangu, nimekuwa mtu mbaya mwezi huu.

Neema amejifungua. Amekuja kwangu Mwankoko kumaliza arobaini yake, na upepo ni ule ule mnaoujua. Nimeweka ndoo ya maji ya bomba na sabuni mlangoni, kila anayeingia ananawa. Anayekohoa haingii. Kuna chanjo ya homa ya mafua, inachomwa kila mwaka, na mwanamke mjamzito akichanjwa mtoto anazaliwa na kinga kidogo. Niliitafuta wakati Neema ana mimba nikaambiwa huku kwetu haipatikani kirahisi. Basi nimebaki na sabuni na mdomo wangu. Neema mwenyewe nimemwambia, siku akipata mafua aendelee kunyonyesha, ila avae barakoa na anawe mikono kabla ya kumshika mtoto. Alijipiga picha na hiyo barakoa, akairusha, lakini anaivaa.

Alhamisi mchana nilisikia kikohozi kabla sijasikia hodi. Alikuwa shangazi yangu Yunisi, dada yake baba, mzee wa miaka zaidi ya themanini, ametoka Iguguno na basi, amebeba jogoo. Nilitoka nje na kuufunga mlango nyuma yangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona kitukuu changu."

Nilimpokea jogoo, nikamwekea kiti kivulini, mbali kidogo. Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. Nikamuuliza mafua yameanza lini.

"Si mafua haya. Wanapura alizeti kule, vumbi tu."

Nilimwambia, "Shangazi, mtoto utamwona leo, lakini dirishani. Kumpakata, mpaka upone."

Majirani wawili waliokuwa wanaanika vitunguu waliacha kuanika. Shangazi akasema taratibu, "Wewe nilikupakata. Ndugu zako wote niliwapakata. Mama yako hakuwahi kuninyima mtoto. Leo kwako nimekuwa mchawi?"

Neema alikuwa anasikia. Akachungulia akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mpe tu kidogo. Watu watatuonaje?" Binti wa kisasa huyo, mwenye simu mbili, na woga wake ni ule ule wa mama yangu. Nilimwambia arudi ndani. Kumjibu shangazi hivyo sijawahi, na mnajua kwetu mtu anaweza kufutwa kwenye ukoo kwa kosa dogo kuliko hilo. Sikuwa na maneno mengine ya kujitetea, kwa hiyo nikamwambia ukweli. Nilikaa chini kwenye ngazi nikamweleza habari za jani na kifungo chekundu, na jinsi nilivyomwambia mama nimeshayatupa. Nikamwambia, "Samweli alikufa kwa mafua yangu, shangazi. Huyu sitaki afe kwa ya mtu yeyote."

Shangazi hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Sikiliza. Siku mbili kabla hajaugua nilikuja kwenu. Nilikuwa na homa, nimejikaza tu. Mama yako aliniona napenga pale mlangoni. Aliniona kabisa. Akasita, halafu akanyanyuka akanipa mtoto, kwa sababu mimi ni wifi yake. Nilimpakata mpaka akalala. Miaka yote hii najua ni mimi."

Tulikaa pale. Mafua ya nani yalimwua Samweli hatutajua kamwe, na wala hayakuwa na haja ya kuwa ya mmoja. Baadaye shangazi alishika kiti chake mwenyewe, akakisogeza nyuma hatua nyingine tatu, akajifunika mdomo kwa kanga.

"Mama yako alikuwa na adabu mno," alisema. "Heri angeninyima. Haya, nionyeshe dirishani."

Neema alimwinua mtoto kwenye kioo. Shangazi alimwangalia muda mrefu, akampungia mkono. Nilimtengenezea chai kwenye kikombe chake peke yake, nikampa maji ya kunywa kwenye chupa, na nikamwambia pumzi zikianza kumbana au kifua kikimuuma asikae nyumbani, aende hospitali siku hiyo hiyo, maana wazee ni kama watoto kwa ugonjwa huu. Akasema amesikia. Jana nilimpigia, anaendelea vizuri.

Nazipenda enzi zetu, msidhani nazitukana tu. Nakumbuka uji wa uwele, mlenda wa mama, sauti za fimbo kwenye alizeti, na mlango wetu uliokuwa wazi mchana kutwa, anayepita anaingia bila kuuliza. Mlango wangu una kitasa, nami nimekaa nyuma yake nikiwauliza watu kama wanakohoa, na najua wananisema. Mnasema enzi zetu hakuna aliyekufa kwa mafua. Aliyekufa hana simu ya kuwabishia. Samweli angekuwa mtu wa makamo sasa, ana kitambi na kundi lake la simu la darasa lao, anaandika upuuzi wake kuhusu walivyokuwa imara, na mimi dada yake ningempigia kila jioni kumgombeza.